Unataka kuwa fundi magari Dar? Anza hapa

Kila Februari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, gerejini kwangu hapa Tabata hawakosi kuja wazazi wawili watatu wenye shida moja. Mama anasimama pembeni ya gari lililopigwa jeki, kijana yuko nyuma yake kainamisha kichwa. "Fundi, nimekuletea mwanao. Shule imemshinda, mfundishe hata kushika spana." Huwa nawapokea vizuri, maana na mimi nilipelekwa hivyo hivyo kwenye gereji za mtaa wa Gerezani na mjomba wangu, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ila kauli ile ya "shule imemshinda" inaniuma kila nikiisikia. Ufundi magari ni shule, tena haina likizo. Anayeuingia akidhani ni kimbilio la walioshindwa huishia kuwa mfungua nati.

Kufungua na kufunga, kijana mwenye bidii anajifunza ndani ya miezi sita. Kujua gari linaumwa nini kabla mteja hajatoa hela ya spea, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayolipa. Haya ninayoandika hapa ni njia ya kufika huko, kwa anayeanza sifuri na kwa aliyeko gerejini tayari lakini amekwama.

Hatua ya 1: Kaa gerejini mwezi mmoja kabla ya kulipa ada

Tafuta gereji ya karibu na nyumbani, omba kusaidia kwa mwezi mmoja. Fagia, osha spea, shika taa. Utajua mapema kama mwili na moyo wako vinaikubali kazi: kulala chini ya gari mchana wa Januari, oili kukudondokea shingoni, masika yakija kufanya kazi juu ya mbao kwa sababu chini ni maji matupu.

Mimi kijana mpya nampa alternata mbovu, bisibisi na spana mbili. Namwambia aifungue yote, vipande avipange juu ya gunia kwa mpangilio aliovitoa, kisha aifunge tena. Simwangalii nguvu. Namwangalia kama anapanga au anarundika, na kama akifika mahali pagumu anauliza au anachukua nyundo. Wa nyundo huwa namshauri kwa upole atafute kazi nyingine.

Na wasichana waje. Nimefundisha mabinti wawili, na wote walishika umeme wa magari haraka kuliko wenzao, kwa sababu hawakuwa na papara. Mzazi, kabla hujamwacha binti, hakikisha gereji ina choo cha maana, ina mahali pa kubadilishia nguo, na mwenye gereji ni mtu anayejulikana mtaani kwa tabia njema. Usione haya kuuliza.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Mlango wa kwanza ni VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Hapa Dar chuo chao kikubwa kiko Chang'ombe, Temeke. Mafunzo ya muda mrefu yana ngazi tatu, kuanzia Level I hadi Level III, na kila ngazi ni karibu mwaka mmoja. Hata aliyeishia darasa la saba anaweza kuanza. Wengi wanakosea kwenye muda: masomo kwa kawaida huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla yake. Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwishoni mwa Januari, kwa hiyo ukiyasubiri ndipo uanze kuulizia fomu, utakuta wenzako wameshaingia karakana. Omba ukiwa bado unasubiri mtihani. Ada ya vyuo vya serikali ni nafuu ukilinganisha na vya binafsi, lakini weka akiba ya overoli, viatu vya kazi na nauli ya kila siku, kwa sababu nauli ndiyo inayowaangusha wengi katikati ya safari.

Mlango wa pili ni vyuo vya juu zaidi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kipo Mabibo na kina uhandisi wa magari kuanzia cheti, diploma hadi shahada. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ipo katikati ya jiji, ikitokana na chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957. Huko wanataka ufaulu wa masomo ya sayansi, hesabu na fizikia zikiwa mbele. Ukiwa nao, nenda. Usikubali kuambiwa kwamba msomi hawezi kuchafuka mikono.

Mlango wa tatu ni gereji ya mtaani moja kwa moja. Ndimo nilimopita mimi, siudharau hata kidogo. Ila peke yake unakuacha na shimo: unajua kufanya, hujui kwa nini inafanyika hivyo. Na wa chuo peke yake ana shimo lake, anajua jina la kila kitu lakini hajawahi kukutana na bolti iliyoota kutu miaka kumi. Ushauri wangu ni kuchanganya. Ukiwa chuoni, kila likizo na kila Jumamosi kuwa gerejini.

Kabla ya kulipa chuo chochote cha binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, halafu omba kuona karakana, siyo ofisi. Hesabu injini na hesabu wanafunzi. Injini moja ya maonyesho kwa vijana hamsini, ondoka.

Hatua ya 3: Andikishana na fundi wako

Fundi wangu wa kwanza alikuwa na mikono ya dhahabu, lakini alikuwa mchoyo wa kazi. Nilikaa kwake miaka miwili. Kila alipofika kwenye kupanga taimingi, ananituma chai. Nikirudi na birika, kava limeshafungwa, ananiambia, "Ungewahi ungeona." Siku moja nilimpa hela dogo wa duka la jirani akalete chai, mimi nikabaki nimechuchumaa. Alikasirika, lakini siku hiyo ndiyo nilipoona kwa macho yangu alama za kwenye puli na kwenye gia za kemshafti zinavyotakiwa kukutana kabla cheni haijafungwa.

Usikae miaka miwili unatumwa chai. Andikeni karatasi moja mbele ya mzazi: utakaa muda gani, utafundishwa nini na nini, utapewa kiasi gani cha nauli na chakula, nani anabeba gharama ukiharibu kitu cha mteja, na itakuwaje ukiumia. Fundi mkweli hakatai karatasi hiyo. Na wewe timiza upande wako: fika saa moja asubuhi, usichukue kazi za pembeni za wateja wake, usipige gari la mtu resi mtaani eti unalijaribu.

Hatua ya 4: Nunua vifaa kidogo kidogo

Usinunue boksi kubwa la vifaa vya bei rahisi. Soketi zake zinapasuka, na kabla hazijapasuka zinakula vichwa vya bolti. Magari mengi ya hapa ni Toyota, na bolti zake kwa sehemu kubwa ni namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, nati za tairi 21. Anza na ringi spana na soketi za namba hizo, zilizo imara. Ongeza bisibisi mbili, plaizi, taa ya kichwani na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme.

Maltimita nimeitaja mwisho lakini inunue mwanzoni, hata kabla ya soketi.

Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, itakuja baadaye, lakini ijue mapema. Nati za tairi za Toyota ndogo hufungwa kwa Nm 103. Kijana anayezikanyaga kwa mguu anatanua nyuzi za studi, na siku mteja atakapopata pancha Chalinze usiku hataweza kuzifungua. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi. Kama gereji yako haina, weka magogo mazito ya mbao, siyo tofali. Tofali linapasuka bila kukuambia.

Hatua ya 5: Jifunze kupima, hapa ndipo kazi ilipo

Juzi ililetwa Toyota IST kutoka Kigamboni. Ukipiga stata, inalia kwa kulegea, taa za dashibodi zinafifia. Mwenye gari alikuwa ameshanunua betri mpya. Haikusaidia. Fundi mwingine akamwambia stata imekufa, akanunua stata ya mtumba, ikafungwa, gari likawaka siku mbili, likarudi pale pale. Kaja kwangu akiwa na hasira, na haki yake.

Nilimwita kijana wangu, nikampa maltimita. Kwanza apime betri gari likiwa limezimwa: ikasoma 12.6, betri nzima. Kisha aweke mkono mmoja wa maltimita kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini, mwenzake apige stata. Kama njia ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni safi, hapo husomi kitu cha maana, haitakiwi kufika hata nusu volti. Ikasoma 3.4. Kijana akanitazama. Nikamuuliza, "Hizo volti tatu na zaidi zimekwenda wapi?" Akafikiri. "Zimebaki njiani, hazikufika kwenye stata." Basi tukafuata njia. Waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi, chini ya betri, kulikuwa na kutu nyeupe iliyochanganyika na kijani. Gari lililala sana karibu na bahari, na chumvi ya hewani ndiyo kazi yake hiyo. Tukafungua bolti, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga, tukapaka grisi kidogo. Tulipopima tena, 0.2. Stata ikazunguka kwa nguvu. Tukamalizia kwa kupima chaji injini ikiwa inaunguruma: 14.1, ambayo ni sawa, kwa sababu tunataka kati ya 13.5 na 14.5.

Tulitumia kipande cha msasa. Mteja alikuwa ametumia hela ya betri na ya stata.

Kwa hiyo mazoezi yako ya kila siku yawe haya: kabla ya kusema kitu kimekufa, sema umekipima kwa nini na kimesoma ngapi. Jifunze kufuata umeme, jifunze kupima shinikizo la petroli, kupima kompresheni ya kila silinda, kuangalia rangi ya plagi. Skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, nayo ni ya lazima siku hizi, lakini skana haisemi ununue nini. Ikikuletea namba ya hitilafu P0171 inakuambia mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo. Hewa hiyo inaweza kuwa inaingia kwenye mpira uliopasuka, petroli inaweza kuwa haba kwa sababu ya pampu au filta iliyoziba. Fundi anayesoma P0171 na kukimbilia kununua sensa ya oksijeni anacheza bahati nasibu kwa hela ya mtu mwingine.

Na kuna tabia moja ya gereji zetu ninayoiomba kizazi chenu kiiache: kutoa thamostati, ile vali ya maji ya kupoza injini. "Dar kuna joto, hii ya kazi gani?" Nimeisikia maisha yangu yote. Thamostati ya injini kama ya IST hufunguka karibu nyuzi 82. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi, na joto hilo halihusiani na jua la Dar. Ukiitoa, injini inakaa baridi, kompyuta inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Mteja anakuja kulalamika mafuta yanaisha haraka, na kwenye skana unakuta P0128. Kama gari linachemsha, tafuta kinachochemsha: radieta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji, mfuniko wa radieta uliochoka, gasketi ya hedi. Na weka kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, siyo maji ya bomba.

Neno kuhusu malipo. Wateja wengi hawajazoea kulipia kupima. "Hujabadilisha kitu, unanidai nini?" Mwambie bei ya kupima kabla hujafungua boneti, akubali au aondoke kwa amani. Ukishamwokolea hela ya stata mara moja, hatauliza tena.

Hatua ya 6: Kwa aliyejifunzia mtaani, chukua cheti

Wako mafundi hodari wa miaka kumi na tano ambao hawana karatasi hata moja, na milango mikubwa imefungwa mbele yao. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa kazi unayoijua, unaelekezwa palipo na mapengo, ukifaulu unapewa cheti kinachotambulika. Ulizia chuoni Chang'ombe au ofisi ya manispaa yako, kwa sababu mara nyingine serikali hugharamia makundi ya vijana. Wakati huo huo tafuta leseni ya udereva daraja D. Fundi asiye na leseni hawezi kujaribu gari barabarani kihalali.

Hatua ya 7: Baada ya msingi, shika tawi

Fundi wa kila kitu anapata hela ya kula. Aliyebobea hufuatwa na mafundi wenzake, na hao ni wateja wasiobishana bei.

Kiyoyozi cha gari ni kazi ya mwaka mzima katika jiji hili. Gia boksi za otomatiki zinahitaji usafi wa chumba cha upasuaji na kusoma sana. Wengi wanaziua kwa kuweka oili ya kawaida ya otomatiki kwenye CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua. Malori yanayotoka bandarini kwenda Tunduma na kuvuka mpaka hayalali, na anayejua breki za upepo na injini kubwa za dizeli hakosi kazi kwenye yadi za Barabara ya Mandela. Bajaji na bodaboda ndizo rahisi kufungulia kijiwe, mtaji wake ni mdogo.

Mawili ninayowasukumia vijana wangu sasa ni gesi asilia na haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme. Bajaji na teksi zinazopanga foleni ya gesi pale Ubungo zinaongezeka, na kila moja ina mtungi unaobeba gesi kwa shinikizo la bar 200. Kazi hiyo haijaribiwi mtaani. DIT wana karakana ya kubadilisha mfumo wa magari kwenda gesi, ulizia mafunzo huko. Haibridi ni vivyo hivyo: betri kubwa ya Prius ina karibu volti 200, inaua. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse mpaka umejifunza kuchomoa plagi ya usalama, kusubiri angalau dakika kumi, na kupima kwamba umeme umekwisha.

Hatua ya 8: Kuomba kazi

Yako makampuni ya mabasi na malori, migodi ya kanda ya ziwa, wauzaji wa magari mapya, na TEMESA wanaotengeneza magari ya serikali. Huko wote wataomba cheti, lakini kinachokutofautisha na wenye vyeti wenzako ni daftari la kazi. Anza kuliandika leo. Gari gani, lililalamikia nini, ulipima nini, ulikuta nini, ulifanya nini. Kurasa mia za namna hiyo zinaongea kuliko barua ya maombi. Kazana pia na Kiingereza cha manyuo, vile vitabu vya maelekezo ya ufundi wa gari, kwa sababu michoro ya umeme ya magari haijatafsiriwa.

Hatua ya 9: Gereji yako mwenyewe

Usiharakishe. Kabla ya kusimama peke yako, uwe na wateja wasiopungua ishirini wanaokupigia simu wewe kwa jina. Ukiwa tayari, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara, pata mkataba wa kiwanja ulioandikwa, na tenga mapipa ya oili chafu. Kuimwaga mtaroni ni kuwamwagia majirani. Vijana mkiwa kikundi, ulizieni manispaa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana. Hela ya spea ya mteja usiichanganye kamwe na hela ya kula. Mafundi wengi wazuri nimewaona wakikimbia gereji zao wenyewe kwa kosa hilo.

Na nunua kitabu cha kupokelea magari siku hiyo hiyo unayonunua kufuli la geti. Andika kilomita, kiasi cha mafuta, michubuko iliyopo, redio, jeki, tairi la akiba, na malalamiko ya mteja kwa maneno yake mwenyewe. Piga picha pande zote nne. Mteja asaini, ndipo ufungue boneti.